Darasa Nililolichagua kwa Masikio

Mume wangu alipofariki nilikaa eda nyumbani kwetu Kisauni, miezi minne na siku kumi, kama inavyotakiwa. Watu wanaozikumbuka siku zile hunisifu kwa utulivu. Husema nilinyamaza vizuri, sikupiga makelele, sikumlaumu Mungu. Ni kweli sikupiga makelele. Lakini sehemu kubwa ya kunyamaza kule haikuwa huzuni. Nilikuwa na waya wa simu sikioni, chini ya mtandio, nikimsikiliza mtu akifundisha biashara ya opsheni.

Siku moja mama mmoja wa mtaani alikuja kunipa pole, akauona ule waya ukichungulia shingoni. Akasema, "Mashaallah, wasikiliza Kurani." Nikainamisha kichwa. Akafahamu kuwa nimeitikia, nami nikamwacha afahamu hivyo. Naanza na hilo kwa sababu ndilo dogo.

Mume wangu alikuwa dobi katika hoteli moja ya Shanzu. Wageni wakipungua, mashine za kufulia zikinyamaza, naye hurudishwa nyumbani bila mshahara mpaka aitwe tena. Mwaka wake wa mwisho, siku hizo za kukaa bure, alikuwa akikaa barazani na jirani yetu, mtu wa bara, karani wa ghala la makontena kule Magongo, aliyepanga chumba katika nyumba hiyo hiyo tuliyopanga sisi. Jirani ndiye aliyekuwa akiijua opsheni. Mume wangu akiingia ndani hunieleza, nami nikikuna nazi.

"Ni kama arabuni ya kiwanja," aliniambia. "Wampa mwenye kiwanja arabuni, mnakubaliana bei isibadilike miezi mitatu. Thamani ikipanda, wanunua kwa bei ile ile ya zamani. Isipopanda, waacha, na arabuni yako imekwenda. Sasa badala ya kiwanja, weka hisa za makampuni ya ng'ambo."

"Na mwenye kiwanja apata nini?"

"Arabuni yako, mama we!" Akacheka. "Ndiyo maana yataka kusoma kwanza."

Hakuwahi kusoma. Homa ilimchukua kwa siku tisa. Baada ya hitima, nilipobaki peke yangu na godoro lake, nikajiambia nitasoma mimi, kwa ajili yake. Hilo nalo si kweli lote. Shule niliishia kidato cha pili, kazi sina, na nilikuwa naogopa kwamba eda ikiisha nitarudishwa kwa kaka yangu kulea watoto wa mkewe. Nilitaka kitu changu.

Nilimdokezea mke wa jirani. Ijumaa iliyofuata, baada ya alasiri, jirani mwenyewe akaja, akasimama nje ya pazia la mlango kwa kuwa mimi ni mtu wa eda. Ndani nilikuwa na wifi yangu, dada wa marehemu, aliyekuwa akija kila Ijumaa kutoka Likoni na chakula mkononi.

"Hodi, mama."

"Karibu, nakusikia."

"Mama, bibi yangu ameniambia wewe unataka kusoma ile kitu ya mzee. Mimi naomba usilipe mtu haraka. Hiyo kitu inakula watu." Alisita, nikamsikia akijikuna. "Mwalimu yeyote, kwanza muulize akuonyeshe siku yenye yeye alipoteza. Akikataa, wachana na yeye. Ya pili, akubali wewe ukae darasa moja bure, usikie. Ya tatu, akuambie ufanye na karatasi tu, miezi mingi, bila pesa. Mimi nilifanya na karatasi mwaka mzima na bado naogopa. Ukitaka, nitafundisha wewe na bibi yangu pamoja, Jumamosi. Hakuna kulipa."

Naandika maneno yake kama alivyoyasema kwa sababu leo nayaona yametimia, hayana pungufu. Siku ile sikuyasikia maneno. Nilisikia lafudhi. Wifi yangu alikuwa ameuma ukingo wa mtandio wake, macho yamejaa machozi ya kicheko. Akaniinamia, akanong'ona, lakini kunong'ona kwake si kwa kwenda chini:

"Huyu ndiye wa kukufundisha? Kiswahili chenyewe kimemshinda, soko la Wazungu ataliweza?"

Nilicheka. Sikuwa nimecheka tangu mazishi, kicheko kikatoka kwa nguvu, kikubwa, hakikuzuilika. Kisha jirani akasema, "Haya mama. Mimi niko tu," na ndara zake zikaondoka.

Sisi watu wa pwani tuna ugonjwa huo, na mimi niliulea. Mtu akisema Kiswahili cha kukwaruza, tunamwona hajui hata anachokijua. Mtu akikisema kikatiririka, tunampa heshima ambayo bado hajaifanyia kazi.

Wiki hiyo hiyo wifi alinitumia sauti ya mwalimu mwingine, mwenye darasa la kwenye simu. Sura yake sijaiona mpaka leo. Lakini ile sauti! Ilikuwa ya mtu wa kwetu, haina haraka, kila neno limekaa mahali pake, yamo maneno ambayo sikuyasikia tangu babu yangu azikwe. Alianza kwa dua. Alisema "enyi ndugu zanguni". Nilipomwandikia kuwa niko eda, alinijibu kwa sauti, mimi peke yangu: "Mola akufariji, dada yangu. Eda ni sitara. Nawe jifunze ukiwa ndani ya sitara yako."

Nililia. Nikalipa alasiri ile ile, na nililipa kwa ubani, zile pesa ambazo watu walinifumbata mkononi wakija kunipa pole.

Katika yale mambo matatu ya jirani sikuuliza hata moja. Kumwambia mtu kama yule anionyeshe siku zake za hasara nilikuona ni sawa na kumpekua mgeni aliyekuja matangani. Uhalali wa biashara yenyewe nao sikuuliza. Yeye alisema ameshawauliza wajuzi, na mimi, mwenye sheikh nyumba ya tatu kutoka kwangu, nikaridhika na wajuzi wa mtu nisiyemjua.

Masomo yalikuwa manane. Matano yalikuwa ya kusifu utajiri na kutuonyesha picha za faida za watu. Mawili yalieleza kwamba iko haki ya kununua na iko haki ya kuuza, basi, na hayakufika hata nusu ya yale niliyoelezwa nikiwa juu ya mbuzi ya nazi. Kabla ya somo la mwisho nikaandika swali: "Mwalimu, nikiinunua hiyo haki, siku ikapita na bei haijapanda, napoteza kiasi gani?" Jibu nilikuwa nalijua. Napoteza arabuni yote. Nilitaka tu kuona kama atalisema.

Akajibu, "Dada yangu mpenzi, hilo lina mahali pake, liko daraja la pili." Na daraja la pili lina ada yake.

Niliirudia sauti ile mara tatu. Kiswahili chake kilikuwa bado kizuri. Simwiti mwizi, kwa sababu aliahidi masomo manane na manane alitoa. Aliyechagua ni mimi.

Ijumaa wifi akaja na samaki wa kupaka. Hata hajavua buibui, "Vipi darasa, tajiri wetu?"

"Mashaallah. Zuri."

"Wafahamu kweli? Usije ukanisomea kama kasuku."

"Nafahamu. Mwalimu afafanua vizuri."

Kwa nini nilisema vile? Nimejiuliza mara nyingi. Ningesema darasa ni bovu, neno ambalo lingefuata ni la jirani, na pale tulipokuwa tumekaa ndipo tulipomcheka. Sikuweza kuonekana mjinga mbele ya mtu niliyecheka naye.

"Basi nami niingie," akasema.

Nikasema, "Ukipenda." Neno moja hilo. Na nilijua anaingia na nini. Wifi yangu anauza viazi karai na barafu za ukwaju njia ya kwenda Shelly Beach, na kwa miaka miwili alikuwa akiweka pesa anunue friza yake mwenyewe, aache kuomba nafasi katika friza ya dukani, ambako barafu zake huwekwa chini ya samaki wa watu na wateja humrudishia wakisema zanuka.

Wiki nzima nilikuwa na simu mkononi. Nilijiambia jambo kama hili halisemwi kwa simu, lataka uso kwa uso, na mimi mtu wa eda sivuki feri kwenda Likoni. Lakini eda humruhusu mtu kutoka kwa dharura, na nilikuwa nimeshatoka mara moja kung'oa jino. Kwa jino nilitoka. Kwa wifi yangu nilikaa nyuma ya pazia nikaita uoga wangu ibada.

Ijumaa nyingine aliingia mikono mitupu, anacheka.

"Nimeshaingia! Na daraja la pili nimelipa kabisa, wametupunguzia. Friza itangoja kidogo. Nitanunua mbili!"

"Wifi," nikasema, "lile darasa halina kitu."

Alidhani namtania. "Wewe nawe! Waogopa nitakupita?"

"Wallahi halina kitu. Nilimuuliza swali la mtoto, akaniambia nilipe tena ndipo anijibu."

Kicheko kikamtoka usoni polepole. "Ulimuuliza lini?"

"Kabla hujaja siku ile."

"Yaani Ijumaa ile ulikuwa umeshajua?"

"Nilikuwa nimeshajua."

"Na ukanambia zuri."

"Nikakwambia zuri."

Alivaa buibui lake taratibu, vifungo vyote. Alipofika mlangoni akageuka. "Kaka yangu angalikuwa hapo amekaa, ungenambia hivyo?"

Nilikuwa nimemdanganya dada wa mume wangu, nikiwa ndani ya eda yake.

Aliomba arudishiwe pesa. Nilikuja kusikia kwamba mwalimu alimwombea dua, kwa sauti ile ile, kisha akamtoa kundini.

Ijumaa tatu zikapita bila mtu. Kisha mavyaa, mama wa marehemu na wifi, akanipigia simu kunijulia hali. Katika mazungumzo akasema, "Mwombee wifi yako, mwanangu. Tamaa imemponza. Pesa za friza kazitia kwenye mambo ya simu, namsema kila siku hapa, hanijibu." Hakulitaja jina langu. Ndipo nikajua kwamba wifi hajamwambia. Matusi yote yaliyokuwa yangu anayameza yeye, kule Likoni, huku mama yangu mkwe ananipigia mimi kunifariji.

Nilitaka kusema pale pale. Nikasema, "Inshallah, mama." Ndivyo nilivyokuwa.

Siku chache kabla ya eda kuisha nilimwita jirani. Akasimama pale pale nje ya pazia.

"Siku ile ulipokuja," nikamwambia, "nilikucheka."

"Nilisikia, mama."

"Naomba radhi."

"Hata bibi yangu hunicheka. Na yeye ni wa kwetu!" Akacheka peke yake. "Mimi nimezoea."

Ningependa angenitukana. Mtu hazoei kitu kama hicho mpaka kiwe kimemfika mara nyingi, na kila mara kuna mtu nyuma ya pazia. Nikamwuliza kama Jumamosi zake bado zipo. Akasema zipo, nitafute daftari la mistari na penseli, kalamu hapana, kwa sababu tutafuta sana. Na akaniambia kabla ya kuja nimuulize sheikh wangu kama jambo lenyewe ninaruhusiwa, maana yeye ni Mkristo, hilo hawezi kunijibia.

Eda ilipoisha niliogeshwa, nikavishwa nguo mpya, wanawake wakataka wanifukize udi kabla sijaanza kuzungukia jamaa. Nikawaomba waniache niende kwanza Likoni.

Mavyaa alikuwa ameketi juu ya mkeka uani. Wifi alikuwa pembeni na beseni la viazi, anamenya. Hakuinua uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Umetoka salama? Njoo, njoo ukae."

"Nimetoka salama, mama. Nina neno."

"Wifi, acha," wifi akasema, bado anatazama viazi.

"Siachi." Nikamweleza mavyaa yote. Nilivyolipa kwa ubani wa mwanawe, nilivyojua kwamba darasa ni tupu, nilivyoulizwa na mwanawe wa kike nikasema zuri. Nilieleza pia kicheko, ingawa hakuniuliza.

Mavyaa akamgeukia binti yake.

"Nawe ulinyamaza, nami nikikusema hivyo mwezi mzima?"

"Nilinyamaza."

"Kwa nini?"

"Alikuwa eda, mama. Ningemsema vipi mtu aliye katika eda ya kaka yangu?"

Mavyaa akavuta ukingo wa leso, akajifuta mdomo. "Nisamehe, mwanangu," akamwambia. Si mimi, yeye.

Mavyaa ni mtu wa zamani. Katika miaka yote niliyoolewa sikuwahi kumsikia akimwomba mtoto wake radhi, na sasa nimemsikia, kwa kosa langu, mimi nimekaa hapo hapo na nguo mpya. Sikujua nitazame wapi. Wifi yangu alinyoosha mkono bila kunitazama, akakisukuma kisu cha pili mpaka karibu na goti langu, na beseni akaliweka katikati.