Siku Niliyojimilikisha Shamba la Mke Wangu

Nawasimulia mwenyewe kabla hamjalisikia jambo hili huko Morogoro mjini, maana limeshatiwa chumvi, eti suruali ilichanika yote, wakati ilichanika nyuma tu.

Nilikuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha kilimo hai huku milimani, cheo nilichopewa kwa sababu naongea vizuri mikutanoni (kulima ni habari nyingine). Nawahimiza wenzangu matuta na mboji, shamba langu nachoma moto, mvua ikija udongo wote unateremkia mtoni. Mwenye matuta ya kweli ni mke wangu, mama Zuhura, kwenye ardhi ya ukoo wao, na sisi Waluguru ardhi inafuata upande wa mama, mume unalima kwa hisani tu. Sasa wanunuzi wa mboga wakaleta habari kwamba wanakuja kukagua shamba la mwenyekiti, wakiridhika watachukua mboga za kikundi kizima, wasiporidhika tubaki na walanguzi wetu wanaotupangia bei. Siku waliyokuja mke wangu kateremka sokoni. Nikajiambia, cha mke si changu? Nikawapeleka shambani kwake.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka dada mmoja mwenye daftari aliponiuliza yale majani marefu kwenye kingo za matuta ni ya nini. Ningesema sijui, yangeisha. Mimi nikasema ni magugu, nikavua koti nikaanza kuyang'oa palepale waone nilivyo mchapakazi, nang'oa huku nahutubia, na nilipoona anaandika kwa kasi nikazidi kung'oa (kumbe ndiyo yanayoshika udongo, mke wangu kayapanda shina kwa shina misimu miwili). Ardhi ilikuwa imelowa. Ukingo ukakatika, nikashuka nao tuta la kwanza, la pili, la tatu nikatua katikati ya kabichi, suruali imechanika, na mbele yangu mama mkwe kashika jembe.

Mbele ya mkwe hata kukohoa unajifikiria. Nikajisitiri kwa jani la kabichi, nikasema shikamoo mama.

"Marahaba, baba Zuhura." Akawatazama wageni kule juu. "Amewaambia shamba la nani hili?"

Yule dada akafunga daftari. Hapo moyo uliniuma kweli, nikawaza wenzangu na mboga zao zitakazooza kwa sababu ya mdomo wangu.

Mama mkwe hakunigombeza. Aliwatembeza mwenyewe, akawaonyesha mboji, dawa ya majivu na pilipili, na kazi ya kila jani nililong'oa. Wakakubali kununua za kikundi kizima, ila wakataka mwenyekiti awe mwenye shamba, na mkutanoni wenzangu walinyoosha mikono kabla swali halijaisha.

Kwa hiyo sasa nayapanda upya majani yale, nikisimamiwa na mwenyekiti mpya, ambaye nyumbani ni mama Zuhura na shambani ni mheshimiwa. Nimeapa neno "langu" silitamki tena nikiwa matutani. Juzi kapita mgeni akasifia kabichi, akauliza za nani. Nikamwambia mwenyewe yuko mkutanoni, mimi nimeachwa nifukuze ngedere.