Kinanda cha Kanda na Kisiagi cha Gatina

Juzi mjukuu wangu alifungua redio kuukuu ya kaseti ili aitengeneze, na chumba kikajaa harufu ya kanda zilizopata joto: vumbi, plastiki, na mafuta kidogo ya mashine. Ilibidi niketi. Yeye alidhani ni magoti. Hayakuwa magoti. Harufu ile ilikuwa imenirudisha Gatina, kule Kawangware, kwenye benchi fupi mbele ya sanduku jeupe lililoimba, miguu yangu ikiwa haifiki chini.

Nianze na lilikotoka. Miaka ile ya sabini mama yangu alifua na kupiga pasi katika nyumba ya Mzungu mmoja upande wa Lavington. Alimwita Bwana Nywele, maana zake zilifika mabegani. Bwana Nywele na rafiki zake walipiga muziki sebuleni, na siku za likizo, nilipomsindikiza Mama kazini, niliwatazama kupitia mlango wa jikoni. Mmoja alikuwa na gitaa la shingo mbili, kama ndama aliyezaliwa vibaya. Mwingine alipuliza filimbi ya chuma katikati ya kelele za umeme, akisimama kwa mguu mmoja. Mpiga ngoma alizungukwa na ngoma pande zote hata usijue angetokea wapi akishikwa na haja. Nyimbo zao hazikuwa na kiitikio. Zilianza taratibu, kama mtu anayetafuta viatu gizani, zikapanda, zikageuka, zikasahau zilikotoka. Mama alisema wimbo mmoja ulimtosha kupiga pasi mashati ya wiki nzima pamoja na mashuka.

Kati ya vyombo vyote nilipenda sanduku jeupe lenye vibao vya kinanda. Chini ya kila kibao palikuwa na utepe wa kanda, na katika kila utepe mtu wa mbali alikuwa amerekodiwa akitoa sauti moja tu. Ukigeuza kitufe upande huu, ni fidla. Upande ule, filimbi. Katikati, kwaya ya wanawake. Ukibonyeza kibao, wanawake waliimba. Ukiachia, walinyamaza.

Bwana Nywele alipokuwa anarudi kwao hakuweza kusafirisha kila kitu. Akampa Mama lile sanduku kwa ajili ya kanisa letu. Lilifika Gatina juu ya mkokoteni, limefunikwa blanketi kama mgonjwa.

Kanisa letu lilikuwa la mabati, na waumini wengi walitoka Magharibi mwa Kenya kama sisi. Umeme hatukuwa nao. Aliyekuwa nao ni jirani yetu Baba Okoth, mtu wa kutoka ziwani, mwenye kisiagi cha kusaga mahindi. Alituruhusu kuvuta waya kutoka kwake, ukapita juu ya paa hadi madhabahuni.

Mzee Elkana, aliyekuwa mzee wa kanisa, alilizunguka sanduku akiwa amefunga mikono nyuma, kisha akamgeukia Mama.

"Mama Jerida, hawa wanawake wa ndani ni akina nani?"

"Ni waimbaji, Mzee. Wazungu."

"Wameokoka?"

"Na haya mabati, Mzee, yaliokoka lini?"

Watu walicheka, na Mzee naye akacheka kidogo, lakini hakuridhika.

Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nimeliona likipigwa, na shuleni mwalimu alikuwa amenifundisha kinanda kidogo, niliketishwa pale Jumapili ya kwanza. Sasa, sisi watu wa Magharibi tuna desturi yetu: neno la mwisho la kila ubeti hatuliachi. Tunalishika, tunalivuta, mpaka kiongozi ateremshe mkono. Nami nikashika vibao pamoja nao. Sikujua kwamba kila utepe una mwisho wake, mfupi kama pumzi moja. Kabla Mama, aliyeongoza kwaya, hajateremsha mkono, wanawake wa sandukuni walikatika wote kwa pamoja, kama waliofungiwa mlango usoni. Watoto wakacheka.

Ubeti wa pili ulikuwa mbaya zaidi. Kwa Baba Okoth mtu alimimina debe la mahindi kwenye mdomo wa mashine. Kisiagi kikanguruma, umeme ukapungua, na kanda zikaanza kwenda polepole. Kwaya ya Wazungu ikazama. Na waumini wetu, waliofundishwa tangu utotoni kumfuata anayeongoza, walizama nayo. Tuliendelea kushuka kwa unyenyekevu mkubwa, mpaka wanaume wakawa wanaguna tu kama watu waliobeba gunia.

Baada ya ibada Mzee Elkana alisema bila hasira, "Askofu anakuja kufungua kanisa mwisho wa mwezi. Hiyo kitu ikituaibisha tena, mbao zake ni nzuri. Tutapata mimbari."

Mama alikwenda kumwomba Baba Okoth afunge mashine siku hiyo. Nilikuwa naye. Baba Okoth alikuwa na unga hadi kwenye kope.

"Mama Jerida, mimi Sabato yangu ni Jumamosi, na siku hiyo sisagi hata punje. Jumapili ndio watu wako na nafasi. Nikifunga, watakula nini jioni?"

"Ni kweli," Mama alisema.

"Umeme ni yangu, wimbo ni yenu. Pambaneni."

Tukitoka, Mama aliniuliza swali moja tu: "Utaweza?" Nilimwambia nitaweza. Sikuwa na sababu yoyote ya kusema hivyo, ila nililiona sanduku lile likikatwa kwa msumeno, na moyo ukakataa.

Kila siku baada ya shule nilikwenda kanisani. Niliomba kwanza, kama Mama alivyonifundisha, kisha nikakaa. Jambo la kwanza nililojifunza ni kutoshika vibao vyote kwa pamoja. Nilitembeza vidole kama buibui: hiki kikishuka, kile kimeinuka, ili utepe mmoja urudi mwanzo wakati mwingine unaimba. Mwanzoni ilisikika kama wanawake wanaosukumana kwenye bomba la maji. Vidole viliuma. Nilirudia mpaka wakaacha kusukumana.

La pili lilikuwa kisiagi. Pembeni mwa vibao palikuwa na kitufe kidogo cha kuongeza na kupunguza mwendo wa kanda, na hivyo kupandisha na kushusha sauti zote. Nikaazimia mkono wa kulia upige, na wa kushoto ufuate mashine. Kupitia mabati nilijifunza kusikia debe likiinuliwa, punje za kwanza zikigonga chuma, halafu mngurumo ukiwa mzito. Hapo ndipo pa kugeuza. Mahindi yakiisha, narudisha. Baba Okoth alinisikia, na mara nyingine alipaza sauti, "Jerida! Hii mahindi ni ya mvua, ni nzito, jipange!" Vijana wa mtaani walichungulia mlangoni wakinicheka: "We Jeri, unasaga ama unaimba?" Nilikuwa ninasaga na kuimba.

Siku ya Askofu kanisa lilijaa hadi nje. Mzee Elkana aliketi mbele kabisa, akiitazama mikono yangu. Kwa Baba Okoth foleni ya akina mama na madebe yao ilikuwa ndefu, na mashine ilinguruma tangu asubuhi. Mama akainua mkono, tukaanza.

Ubeti wa kwanza ulipita. Mwishoni tulishika neno letu na kulivuta, na sanduku likalivuta pamoja nasi, vidole vyangu vikitembea. Ubeti wa pili, nikasikia debe likiinuliwa. Nikageuza kitufe. Mngurumo ukawa mzito, lakini sauti hazikuzama. Nikaona Mzee Elkana akifungua mikono aliyokuwa ameikunja.

Tulipofika mwisho wa ubeti wa tatu, nikiwa nimegeuza kitufe karibu na kikomo, kisiagi kikanyamaza. Hakikuishiwa mahindi, kilizimwa. Umeme wote ukarudi kwa ghafla, kanda zikakimbia, na wanawake wa sandukuni wakaruka juu kama waliokanyaga makaa.

Mkono wangu wa kushoto uliganda. Kurudisha kitufe kungekuwa kuiteremsha kwaya mbele ya Askofu, na tulijua kushuka kunaishia wapi. Nilimtazama Mama. Hakukunja uso. Aliinua kidevu, akavuta pumzi, akauanza ubeti wa mwisho kule juu kulikorukia sauti. Akina mama wakamfuata, kisha wanaume, mishipa ya shingo ikiwatoka. Nikaachana na kitufe, nikapiga kwa mikono miwili. Tuliimba ubeti ule kama watu wanaong'oa paa. Askofu alisimama.

Baadaye nilimsikia akimwambia Mzee Elkana kwamba hajaona kwaya inayopanda namna ile mwishoni, na kumuuliza nani aliyeifundisha. Mzee alikohoa. "Ni kazi ya Roho," akasema. Mimbari tuliitengeneza kwa mbao nyingine.

Jumatatu Mama alichukua ndizi mbivu na mayai, akampelekea Baba Okoth. Nilishangaa, hata nikaumia. Mtu huyu alikuwa ameharibu mpango wangu wote, nami nilikuwa nimefanya kazi kwa wiki kadhaa! Mama alisema tu, "Alizima kwa ajili yetu," akaendelea na safari yake.

Nimefundisha kwaya maisha yangu yote, na imenichukua muda mrefu kuelewa jibu lile. Nilikuwa nimejiandaa kwa kisiagi kinachosaga. Sikuwa nimejiandaa kwa kisiagi kinachonyamaza. Katika sala zangu nilikuwa nimemwomba Mungu nguvu za vidole, naye alinipa. Kisha akaongeza msaada nisiouomba, ukaja vibaya, kwa wakati mbaya, kutoka kwa mtu ambaye hata siku yake ya ibada haikuwa hiyo. Nashukuru Mama aliutambua kabla yangu.

Na siku hizi nikiikumbuka Jumapili ile, siwaoni sana Askofu wala Mzee Elkana. Nawaona akina mama wa foleni, wengine si wa kanisa letu kabisa, na mahindi yao nusu yamesagwa na nusu bado, jua likiwa kali na watoto wakisubiri ugali nyumbani. Hakuna aliyepiga kelele mashine iwashwe. Walisimama kimya kando ya madebe yao mpaka tukasema Amina.