Yotham Ajaribu Kufa

Yotham wa Nzuguni alikuwa tajiri, ila kwa kulitazama zizi lake usingejua. Mlikuwa na ng'ombe wawili waliokonda na mbuzi mmoja mwenye kiburi. Waliobaki aliwaweka kwa marafiki, Bahi na kwingineko, kama Wagogo walivyozoea: rafiki anachunga na kunywa maziwa, ndama ni wa mwenye mali. Ukame ukipiga huku, wa kule wanapona. Askari wa Mdachi naye akija kutafuta ng'ombe, anakutana na yule mbuzi. Ni ujanja mzuri, tatizo lake ni kwamba mwenye mali hufa.

Baba yake alikufa hivyo hivyo, siri zote kifuani. Marafiki walikuja matangani wakalia hadi sauti zikakauka, kisha wakarudi makwao bila kutaja hata mkia. Mama yake Yotham alimaliza maisha akiomba maziwa kwa majirani. Jambo hilo lilimuuma Yotham mpaka uzeeni, ndiyo maana siku moja alimketisha mkewe Dorkasi akamtajia ng'ombe wa kwa Kefa wa Bahi: mweusi mwenye baka la paji, na wa kijivu, pamoja na uzao wao.

"Na Kefa atakubali?" Dorkasi aliuliza.

"Kefa ni ndugu yangu!"

"Wale wa baba yako walikuwa nani? Baba Ruthu, sitaki kuujua ukweli siku ambayo huwezi kunisaidia kubisha."

Basi Yotham akaamua kufa kwa majaribio. Sijasikia mtu mwingine aliyefurahia msiba wake namna ile; alibeba hata ubuyu wa kumumunya njiani. Walipofika Bahi, Kefa alikuwa machungani. Yotham akapanda kichuguu kilichokuwa nyuma ya nyumba, akajilaza juu ya paa la tembe, paa bapa la udongo, chini ya ngozi iliyoanikwa. Dorkasi akaketi mlangoni, akaanza kulia kwa bidii.

Kefa aliporudi na kusikia habari, alijipiga kifua, akalia kilio cha kweli. Hata Yotham kule juu machozi yalimtoka kwa kujihurumia. Wakaingia ndani.

"Shemeji," Dorkasi akasema, "kuna ng'ombe wetu hapa."

"Wapo! Mweusi ana ndama wawili, wa kijivu ana mmoja. Wachukue. Mali ya marehemu mimi siili."

Laiti Kefa angenyamaza hapo! Lakini mtu mwaminifu akishaanza, haishii njiani.

"Ila yule mwekundu, shemeji, umwache. Marehemu aliagiza nimpelekee Anyesi wa Kigwe, yule mpika pombe. Alisema wewe huna haja ya kumjua."

Udongo ukadondoka kutoka darini. Dorkasi akatazama juu.

"Mwekundu naye nakwenda naye."

"Lakini marehemu aliusia..."

"Kama marehemu ana neno, na aseme."

Marehemu akasema. "Mama Ruthu, hebu tuzungumze!" Alipoinuka, boriti ikalia, na Yotham akashuka pamoja na ngozi na nusu ya paa. Kefa alitoka mbio hadi mbugani. Alirudi tu aliposikia Dorkasi akigomba, kwa kuwa hakuna mzimu ambao ungevumilia kugombezwa vile.

Walirudi Nzuguni mwekundu akiwa mbele na Yotham akichechemea nyuma. Dorkasi hakuishia hapo. Alimzungusha mumewe kwa marafiki wote, akaonyeshwa kila ng'ombe mbele ya mashahidi, yeye na binti yake Ruthu. Yotham aliona aibu sana, lakini usiku alilala vizuri kuliko zamani.

Homa ilimchukua kweli reli ikiwa bado haijafika Dodoma. Mjumbe alipofika Bahi, Kefa alimfukuza. "Huyo tumeshamlia!" Hata hivyo alikuja. Alipofika Nzuguni hakumsalimu mtu. Alizunguka nyuma ya nyumba, akapanda juu ya paa, akafunua ngozi moja, akafunua na nyingine. Hapakuwa na mtu. Basi akaketi huko huko juu akalia kama mtoto, asitake kushuka, mpaka Dorkasi alipompelekea kibuyu cha maziwa ya yule mwekundu.