Pini Ambazo Hazikuwepo

Wachezaji walimwita Mkasi, wala si kwa sababu ya kazi yake ya ushonaji, maana wengi wao hawakujua kwamba anashona. Walimwita hivyo kwa kuwa akishapuliza kipyenga, ubishi umekatwa hapo hapo. Siku za kazi alikuwa fundi wa nguo za kike katika chumba chenye cherehani mbili na kioo kirefu. Mwisho wa wiki alivaa nyeusi, soksi mpaka magotini, akawa refa wa ligi ndogo, na huko hakuna mwanamume aliyethubutu kumwambia akae pembeni. Alipapenda uwanjani kuliko mahali popote.

Ndiyo maana alipofeli mtihani wa mbio wa marefa alirudi nyumbani bila kusema na mtu. Mtihani wenyewe hauna ujanja: unakimbia kipande, unatembea kipande, unakimbia tena, na kila mara lazima uifikie koni kabla mkufunzi hajapuliza. Mkasi alianza vizuri, akawatangulia wasichana wa rika la binti zake. Katikati pumzi zikamwisha, koni zikaanza kumkimbia. Mkufunzi alimwambia kwa upole kwamba ana nafasi moja ya kurudia, mwezi unaofuata. Akishindwa tena, urefa basi, na kwa umri wake hakuna aliyedhani angerudishwa.

Mtu mwingine angetafuta mchawi. Mkasi aliingiwa na udadisi. Gauni likimkataa, huwa analifumua mpaka aone kosa lilianzia mshono upi, na sasa alitaka kujifumua mwenyewe. Kilichomwangusha ni nini hasa? Miguu? Moyo? Umri?

Akaanza na miguu. Akawa anaruka kamba nyuma ya duka, anapanda ngazi za jengo mpaka juu na kushuka, anachuchumaa na kusimama akisubiri pasi ipate moto. Wifi yake, dada wa mumewe, ndiye aliyekalia cherehani ya pili, na mdomo wake haukujua likizo.

"Wifi, wateja watadhani unatafuta choo."

"Waache wadhani. Hebu kamata paja hili. Limekaza, halijakaza?"

"Limekaza. Kaka yangu atahama nyumba."

Paja lilikuwa limekaza kweli. Lakini alipojipima kwenye uwanja wa shule, akiwa amepanga viatu vikuukuu badala ya koni, mambo yakawa yale yale: miguu inataka, pumzi hazitaki. Cha ajabu, hilo lilimfurahisha. Angalau sasa alijua kosa haliko miguuni. Akamwomba wifi aje na baiskeli, aende naye sambamba, amtazame.

"Nitazame nini?"

"Sijui. Ningejua ningetazama mwenyewe."

Wifi akapiga pedeli huku akitania kila kitu, kuanzia soksi mpaka kiuno. Walipozunguka mara ya pili akanyamaza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Wifi, umebana nini mdomoni?"

Mkasi alizidi kukimbia.

"Nakuuliza wewe! Tema hicho kitu, kitakukaba!"

Mkasi akasimama, akapeleka vidole mdomoni. Hakukuwa na kitu. Midomo ilikuwa imejibana upande wa kulia, kwa nguvu, vile vile anavyoibana fundi anayeshikilia pini akimrekebishia mteja gauni mwilini. Ukiwa na pini mdomoni hupumui kwa nafasi. Unavuta kidogo kwa pua, unazuia, unatoa kidogo, maana ukivuta kwa pupa utaimeza. Mkasi alipumua hivyo tangu alipojifunza kazi akiwa kigori. Na kila alipojikaza, iwe kwenye pindo la hariri au kwenye koni ya mwisho, midomo yake ilishika pini ambazo hazikuwepo. Kwenye mechi alikuwa akiponea pale mpira unapotoka nje, akapata nafasi ya kuhema.

Wifi alicheka mpaka baiskeli ikamwangusha. Mkasi naye akacheka, kisha akaacha, akabaki amejishika mashavu. Mwili wake ulikuwa ukifanya kazi ambayo hakuutuma, miaka yote hiyo, bila hata kumtaarifu.

Kuacha ndiko kulikuwa na shughuli. Alishona kimto cha pini akakifunga mkononi, lakini vidole vikawa vinakiruka na kwenda mdomoni. Wifi akawa anamchapa kwa rula kila akisahau, tena kwa raha asiyoificha. Jioni walitoka wote wawili, na sharti likawa moja: Mkasi akimbie huku akipiga soga. Akishindwa kumaliza sentensi, apunguze mwendo. Akiweza kusengenya bila kukatika, aongeze. Walisengenya ukoo mzima, wakahamia kwa majirani, na mwendo ukawa unapanda pole pole huku umbea ukiendelea.

Jambo moja lilimtia aibu. Akipumua kwa mdomo wazi alitoa sauti nzito, kama mtu anayepasua kuni.

"Nasikika mzee," alilalamika.

"Unasikika uko hai. Endelea, ulikuwa unasema shangazi alimjibu nini?"

Siku ya mtihani alikaa nyuma ya kundi. Wasichana waligeuka kutazama ile sauti inatoka wapi, na mmoja akaziba mdomo asicheke. Mkasi aliona. Walipofika pale alipoishiwa mara ya kwanza, alihisi midomo inajibana yenyewe, na hofu ikamshika kwelikweli, kwa kuwa alijua huu ndio mwisho wake au si mwisho wake. Akaiachanisha kwa nguvu. Akahema uwanja mzima ukasikia, udenda ukamtoka, hakuufuta. Akaifikia koni. Akatembea, akakimbia tena, akaifikia nyingine. Ya mwisho aliikanyaga huku filimbi ikilia, asijue kipi kilitangulia, akainama na kushika magoti.

Mkufunzi alimfuata pale alipo.

"Umefika, mama. Umepita. Sasa mbona unalia?"

"Silii, mwalimu, napumua," alisema Mkasi, na alikuwa anafanya yote mawili.