Pembetatu za Ukuta wa Risper

Javan wa Kendu Bay alikuwa mtu wa adabu. Ninalisema hilo kwanza kwa sababu nitamlaumu baadaye, na haki yake isipotee. Alichora mabango ya maduka kwa miaka kumi na minne, kisha akaachana na herufi akabaki na maumbo matupu: miraba, pembetatu na mistari, rangi zikipokezana mpaka jicho linatembea juu yake kama mguu unaofuata ngoma. Hakuchora mtu wala samaki. Alisema rangi mbili zikikaa vizuri pamoja, hiyo ni habari tosha.

Mwaka juzi upepo uliezua bati kadhaa kwenye nyumba ya mama mkwe wake, Risper, mjane wa Uriri. Risper alikuwa ameenda matangani Ogwedhi. Lorine, mke wa Javan, akamtuma mumewe apeleke bati mpya.

"Uziache mlangoni, Baba Liz," alimwambia. "Zablon atakuja kupigilia kesho."

Zablon ni kaka yake Lorine, na hakukuwa na haja ya kusema zaidi. Kwetu mwanamume hampi mama mkwe wake mkono, wala hali naye meza moja. Chumba anamolala mama huyo hakichungulii hata kwa dirisha.

Javan aliingia humo. Alijiambia kwamba anapima pengo la paa. Ukutani Risper alikuwa amesiriba kwa viganja vyake pembetatu za udongo mwekundu, tatu, zikafuatwa na mbili nyeusi za masizi, na moja nyeupe, kisha tatu tena. Kila mstari ulipokaribia kona, ule wekundu ulipungua kidogo kidogo hadi ukawa kama vumbi la barabarani. Javan akatoa simu akapiga picha. Alijiambia kwamba aliyeingia ni msanii, si mkwe, kana kwamba mtu anaweza kuiacha nusu yake nje ya mlango.

Turubai aliyochora kutokana na picha ile ilitundikwa kwenye ukumbi mmoja wa Homa Bay Agosti iliyopita. Aliiita "Utulivu". Chini yake, katikati, kulikuwa na mstatili mpana mweupe. Mdundo wa pembetatu ulifika hapo ukakatika, ukaendelea upande wa pili. Mgeni mmoja kutoka Nairobi alieleza kwa kirefu kwamba nafasi ile ndiyo pumzi ya mchoro mzima. Tulipiga makofi. Mimi pia nilipiga.

"Wewe una bahati," Gordon, ambaye hupaka rangi mitumbwi, alimtania Javan. "Mimi nikiacha mahali peupe kwa boti, mwenyewe anasema rangi imeniishia."

Risper alikuwepo. Lorine alikuwa amemleta aone kazi ya mkwe wake, naye alikaa upande wa mbali wa ukumbi, kama inavyopasa. Javan aliposogea kando, mama akaletwa karibu na mchoro. Aliutazama muda mrefu.

"Lorine, uliza bwana yako hii nyeupe ni nini."

Lorine akacheka. "Mama, wanasema ni utulivu."

"Ni kitanda yangu," Risper alisema. "Hapo nyuma ya kitanda sikupaka kitu. Nani atapaka mahali haionekani?"

Sisi wa huku tulielewa papo hapo. Yule mgeni aliendelea kutabasamu mpaka mtu akamnong'oneza.

Lorine alimtazama mumewe, kisha akamwambia mama yake, "Ni mimi nilimpigia picha, Mama. Ile siku nilikuja kufua."

Uongo ule ungetosha. Ungemwokoa Javan, na sote tungejifanya tumeuamini.

"Hapana," Javan alisema, macho yakiwa sakafuni. "Niliingia mimi."

Risper alijifunika uso kwa leso, akaomba apelekwe nyumbani. Javan aliteremsha turubai yake mwenyewe, wala hakuna aliyemsaidia kushika upande wa pili. Hata mimi sikushika. Tulikuwa tumesifu kitanda cha mjane, tukatafuta mahali pa kuweka nyuso zetu.

Javan alimtuma Zablon na kondoo wa kuomba radhi. Kondoo alipokelewa, lakini neno halikurudi.

Desemba Lorine alienda kumwona mama yake. Aliporudi alikaa kitini kabla ya kuvua viatu.

"Ameufuta ukuta wote," alisema. "Amesiriba udongo mtupu, toka mlangoni hadi kona."

Picha ya simuni Javan alikuwa ameshaifuta, na sasa pembetatu zile hazipo popote duniani ila kwenye turubai yake. Gordon alimshauri aichome. Hakuweza, maana angekuwa anamalizia kuiharibu kazi ya yule mama. Kuitundika hawezi pia, maana angekuwa anamvua nguo mara ya pili. Mwishowe alimwomba Lorine aipeleke Uriri, mama afanye atakavyo.

Lorine alirudi nayo siku hiyo hiyo, ikiwa bado imefungwa kwa shuka.

"Alisema nini?" Javan akauliza.

"Alisema ukae nayo. Alisema, si wewe uliitaka?"