Mpini wa Mpingo

Mpini wa wembe wa baba ulivunjikia mikononi mwangu. Ulikuwa wembe wa kukunja, alionyolea watu miaka mingi katika duka lake dogo hapa Mji wa Kale. Chuma kilikuwa kizima bado, ila plastiki ya mpini ilikuwa imekauka, ikapasuka.

Tulikuwa tumebaki wawili nyumbani. Mama alishatangulia mbele ya haki, ndugu zangu wako ng'ambo, na baba alikuwa amepotewa na kumbukumbu. Siku nyingi hakunijua. Lakini kila Ijumaa, kabla sijakwenda kazini kwangu kule Mbaraki, alitaka anyolewe ndevu, tena kwa wembe ule ule. Nilipomletea mwingine aliusukuma mkono wangu.

Fundi wa masanduku wa mtaa wetu alinipa kipande cha mpingo.

"Tumia keekee ya mkono kutobolea, dada," aliniambia. "Pole pole. Ukiusukuma utapasuka."

Kila jioni, baba akishalala, nilikaa uani nikakata vibao viwili vyembamba, nikavisugua kwa msasa. Mpingo ni mgumu kama jiwe. Vumbi lake jeusi lilinijaa puani. Vibao vya kwanza vilipasuka nilipokuwa natoboa tundu la mwisho. Nikabaki nimevishika, nikatamani awepo mtu wa kumwambia tu kwamba vimepasuka. Hakukuwa na mtu. Nikaanza upya.

Vya pili vilikubali. Nikavifunga kwenye chuma kwa waya wa shaba uliopita matunduni, nikaugonga ncha zake taratibu, nikajaribu kuufungua na kuufunga wembe mpaka chuma kikawa hakigusi mti.

Ijumaa iliyofuata baba aliupokea, akaupima uzito kwenye kiganja.

"Huu mpingo," alisema.

"Naam, baba."

"Mpini mzito ni mzuri. Mkono unatulia." Akanitazama. "Wewe ndiye kinyozi mpya?"

Nikampaka povu.

Nilikuwa nimefika shingoni aliposema, "Nina binti mimi. Ndiye aliyekuwa akinishikia kioo dukani, mdogo hivi. Siku hizi haji kuniona."

Niliuondoa wembe shingoni mwake, nikaufuta povu kwa taulo.

"Pengine kazi zimemzidi," nikasema.

"Pengine. Ukimwona, mwambie namsalimu."

"Nitamwambia, inshallah."

Nikamaliza shavu la pili. Alijipapasa uso mzima kwa vidole, kama alivyokuwa akiwapapasa wateja wake kutafuta unywele uliobaki, asiuone. Akatabasamu.

"Mungu akubariki, mwanangu," akasema, kama mzee yeyote hapa anavyomwambia kijana yeyote.

Jirani anayekaa na baba mchana akabisha hodi. Nikaosha wembe, nikaukausha, nikapaka mpini mafuta ya nazi. Kisha nikanywa chai yangu nimesimama jikoni, nikaenda kazini.