Felista Alitolewa Kabla ya Kuzikwa

Cheka ukitaka, lakini haya niliyaona mwenyewe, hapa mtaani Huruma, tena mchana. Shule niliachia darasa la tatu. Macho yangu hayakuachia popote.

Mjukuu wangu Nekesa ana kisanduku juu ya kabati, anakiita seva. Watu wetu wa nyumbani waliotawanyika Nairobi hupigia gumzo humo, na yeye ndiye mwenye ufunguo: anaingiza watu, anatoa watu. Mtoto ana kichwa, amenirithi. Jioni hunisikilizisha sauti zao. Niliyempenda ni Felista wa Shauri Moyo, ingawa sikuwahi kumwona. Kicheko chake kilikwamakwama kama lori linalokataa kuwaka.

Siku hiyo stima ilikuwa imepotea, hata taa ya kisanduku haiwaki. Mvua inanyesha, Nekesa yuko kazini. Hodi! Mama mmoja mlangoni. Uso siujui, sauti naijua.

"Felista! Ingia, mama, hiyo mvua itakuua."

"Haiwezi tena," akasema, akacheka kile kicheko chake. "Nekesa amenifungia nje. Naongea, hakuna anayenisikia."

Niamini: kila alipofungua kinywa, taa ya kisanduku iliwaka. Akinyamaza, inazima. Na stima hakuna! Nikatazama miguu yake. Ploti nzima ni matope, yeye hana hata tone.

"Nitamngoja kitandani kwake," akasema, akapita nyuma ya pazia.

Ungefanya nini wewe? Mimi nilishika mwiko wa ugali, nikakaa.

Nekesa aliporudi nilimweleza yote. Akafunua pazia: hakuna mtu.

"Kukhu," akasema, maana bibi kwetu ni kukhu, "Felista alifariki jana. Nilikuficha kwa sababu ya presha yako. Asubuhi nimelitoa jina lake."

"Amezikwa?"

"Bado. Jumamosi."

"Mtu yuko mochari, na wewe umeshamfukuza kwao? Mrudishe!"

"Kesho, Kukhu. Nimechoka."

Akalala papo hapo kitandani. Asubuhi akafungua mdomo: hakuna sauti. Alilia machozi bila mlio, akimrudisha Felista kwenye seva. Watu wakamwaga pole na nyimbo mpaka Jumamosi, Felista alipoteremshwa kaburini.

Jumapili sauti ya Nekesa ikarudi. Nilimshukuru Mungu, nikachinja kuku. Mezani nikasema upuzi fulani, akacheka.

Kicheko kikakwamakwama, kama lori linalokataa kuwaka.

Hadi leo mjukuu wangu hucheka hivyo, nami nimeacha kumchekesha. Basi wewe unayeshika ufunguo wa watu, marehemu mwache akae na wenzake mpaka udongo umfunike. Akikuta mlango umefungwa, atatafuta mwingine wa kuingilia.